Ini Halipigi Hodi: Dalili za Homa ya Ini C Iliyokaa Mwilini Miaka Mingi

Mada ya leo nimeiahirisha mara tatu, kwa sababu ndani yake kuna kosa langu mwenyewe. Lakini nimeona ni bora niaibike kidogo kuliko mtu mmoja kati yenu akarudia kosa hilohilo.

Jengo ninaloishi hapa Hillbrow lina ghorofa 12, na lifti yake ilikufa kabla sijahamia. Watu wa Hillbrow mnaelewa. Maji yakikatika unabeba ndoo, gesi ikiisha unabeba mtungi, na unga unaupandisha begani. Ghorofa ya 9 anaishi mzee mmoja wa kwetu Tanga ambaye Watanzania wote wa jengo hili tunamwita Mjomba. Ana miaka karibu 60 na anafanya kazi ya ulinzi wa usiku. Ameniruhusu niwasimulie habari zake, ila jina nilifiche.

Kila nilipokutana naye kwenye ngazi, nilimkuta amesimama ghorofa ya 4, mkono mmoja ukutani na mfuko wa unga sakafuni.

"Shikamoo Mjomba. Umechoka?"

"Marahaba mwanangu. Uzee huu, na lifti yao hii."

Tunacheka, nambebea mfuko, tunapanda. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka miwili. Siku moja akaniambia miguu inamwasha usiku hadi analala na kitana cha kujikunia. Nikamwambia apake mafuta mazito, hewa ya Johannesburg ni kavu. Siku nyingine mkewe akanilalamikia kwamba mzee amekuwa msahaulifu, funguo anaziacha mlangoni. Nikasema ni kazi ya usiku, alale zaidi. Muuguzi mwenye diploma ya nyumbani na shahada ya ng'ambo nilikuwa natoa ushauri wa kwenye ngazi, bila kumuuliza swali hata moja la maana.

Jumamosi moja usiku wa Julai, mkewe akagonga mlango wangu kwa kiganja kizima. Mjomba alikuwa ametapika damu, na beseni lilikuwa mbele yake. Tukaita gari la wagonjwa, vijana wa jengo wakamshusha kwa blanketi ghorofa zote 9, na hospitali wakamuwahi. Mishipa ya ndani ya koo la chakula ilikuwa imevimba ikapasuka, kwa sababu damu haikuwa ikipita vizuri kwenye ini lililojaa makovu. Daktari akamuuliza, "Umewahi kuongezewa damu?"

Mjomba akafikiri. Ndiyo, mwaka 1988. Alikuwa utingo wa lori, likapinduka, akawekewa chupa 2 za damu katika hospitali moja nyumbani. Damu hiyo ndiyo iliyookoa maisha yake. Wakati ule hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyeweza kuipima homa ya ini C, kwa sababu kirusi chake kilitambuliwa mwaka uliofuata, 1989. Kirusi kilikaa ndani ya ini lake zaidi ya miaka 30 bila kupiga hodi.

Homa ya ini C ni nini hasa?

Nyumbani tukisema "homa ya ini" tunachanganya mambo mengi, kwa hiyo tuyatenganishe. Homa ya ini A huja kwa chakula na maji machafu, na kwa kawaida huisha yenyewe. Homa ya ini B huenea kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ina chanjo, ina dawa za kuidhibiti, lakini dawa za kuiondoa kabisa mwilini bado. Homa ya ini C huenea hasa kwa damu. Haina chanjo, ila ina dawa ya kuiponya kabisa. Ukiwa umechanjwa chanjo ya B, kama wanafunzi wengi wa udaktari na uuguzi, haikukingi na C.

Kirusi cha C kikiingia mwilini, watu wengi hawasikii lolote. Wachache hupata homa, kichefuchefu na macho ya manjano wiki chache baadaye, nyumbani wakaambiwa ni malaria au nyongo. Kati ya watu 10, karibu 3 hukishinda kirusi wenyewe ndani ya miezi 6. Wale 7 waliobaki hukaa nacho, na hapo ndipo tunaposema ugonjwa umekuwa sugu. Ini linashambuliwa kidogo kidogo, linajitibu, linabaki na kovu, linashambuliwa tena. Kati ya watu 100 wenye ugonjwa sugu, 15 hadi 30 watakuwa na ini lililosinyaa na kukakamaa kwa makovu ndani ya miaka 20. Baadhi yao watapata saratani ya ini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 duniani wanaishi na homa ya ini C, karibu milioni 8 kati yao wakiwa katika kanda yake ya Afrika. Wengi hawajui.

Dalili za miaka ya ukimya

Ini halina mishipa mingi ya fahamu ndani yake, ndiyo maana haliumi kama jino. Tena ni mvumilivu, hata sehemu kubwa ikiharibika sehemu iliyobaki inaendelea kufanya kazi za nyumba nzima. Kwa hiyo dalili za homa ya ini C ya muda mrefu ni dalili ndogondogo, ambazo sisi watu wa ugenini tuna maelezo tayari ya kila moja.

Ya kwanza ni uchovu. Hii ndiyo dalili inayotajwa zaidi na wagonjwa. Uchovu wa kazi huondoka ukilala na ukipata siku mbili za mapumziko. Uchovu huu unaamka nao asubuhi. Unaweza kuwa mkali hata kwa mtu ambaye ini lake halijaharibika sana, na unaweza kuwa mdogo kwa mtu ambaye ini lake limekwisha. Haupimi ukubwa wa ugonjwa.

Ya pili ni akili kuwa nzito: kusahausahau, kusoma ukurasa mmoja mara tatu, kukosa neno ulilolizoea. Wanafunzi husema ni mitihani, na wazee husema ni umri.

Ya tatu ni hali ya moyo: huzuni isiyo na sababu, hasira za haraka, usingizi wa mang'amung'amu. Kwa mtu aliye mbali na kwao hili tunaliita upweke, na mara nyingi ni upweke kweli. Lakini si kila mara.

Nyingine ni maumivu ya viungo na misuli, hamu ya chakula kupungua, kichefuchefu kinachokuja na kuondoka, uzito chini ya mbavu za kulia, na mwili kuwasha, hasa usiku, bila upele wowote kuonekana.

Ukizisoma dalili hizi utasema, "Basi sote tunaumwa!" Hapana. Mtu anayefanya zamu mbili na kulala saa 4 lazima achoke. Ninachosema ni kwamba dalili hizi peke yake haziwezi kukuambia kama unao ugonjwa, wala kukosa dalili hakuwezi kukuambia kwamba huna. Hilo ndilo kosa nililolifanya kwa Mjomba. Nilizitafutia dalili zake sababu moja moja, uzee, hewa kavu, kazi ya usiku, nikaridhika.

Dalili zinazojitokeza mbali na ini

Homa ya ini C inaweza kujionyesha mahali ambapo hakuna anayefikiria ini. Baadhi ya watu hupata madoa madogo mekundu au ya zambarau kwenye miundi, yanayokuja kwa makundi, pamoja na ganzi ya miguu na maumivu ya viungo. Hiyo ni mishipa midogo ya damu inayovimba kwa sababu kinga ya mwili imepigana na kirusi miaka mingi. Figo nazo zinaweza kuguswa, mkojo ukawa na povu jingi na miguu ikavimba. Wengine hupata malengelenge kwenye mgongo wa mikono wakikaa juani, ngozi inachubuka kwa kitu kidogo tu. Wengine mdomo na macho hukauka, au mabaka meupe hutokea ndani ya mashavu. Kisukari cha ukubwani kinaonekana zaidi kwa wenye ugonjwa huu kuliko kwa wengine.

Ukiwa na mojawapo ya haya na chanzo chake hakijulikani, muulize daktari kama umepimwa homa ya ini C.

Dalili ambazo hazingoji kesho

Zifuatazo ni dalili za ini lililozidiwa. Ukiziona kwako au kwa mtu wa nyumbani, nenda hospitali siku hiyohiyo:

- Macho au ngozi kuwa ya manjano, na mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi hata ukinywa maji mengi.
- Tumbo kujaa maji na kukua wakati mikono na mabega yanakonda, na miguu kuvimba hadi ukiibonyeza inabaki shimo.
- Kutapika damu, au kitu kama unga wa kahawa uliolowa.
- Choo cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali.
- Kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, mikono kutikisika, kuongea mambo yasiyoeleweka.
- Michubuko inayotokea ovyo, na damu ya fizi au pua isiyokata haraka.
- Homa pamoja na maumivu ya tumbo kwa mtu ambaye tumbo lake tayari lina maji.

Hapa Afrika Kusini gari la wagonjwa la serikali huitwa kwa namba 10177, na kwa simu ya mkononi unaweza kupiga 112. Mtu anayetapika damu usimpe dawa ya kienyeji, usimpe maziwa, wala usisubiri asubuhi. Mlaze kwa ubavu na omba msaada wa kumshusha ngazi.

Badala ya kuuliza mwili, uliza historia

Kwa kuwa mwili unanyamaza, swali la kujiuliza ni hili: damu ya mtu mwingine imewahi kugusana na damu yangu? Kaa chini ujibu kwa ukweli, na kama wazazi wako wapo wapigie simu uwaulize ya utotoni.

Je, uliwahi kuongezewa damu au kufanyiwa upasuaji mkubwa zamani? Nchi tajiri zilianza kupima damu ya msaada kwa kirusi hiki mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nyingi za kwetu zilichelewa zaidi. Leo mambo ni tofauti. Hapa Afrika Kusini, tangu Oktoba 2005 kila chupa ya damu hupimwa kirusi chenyewe, na kwetu Tanzania Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima homa ya ini C pia. Kwa hiyo msiogope kuongezewa damu leo. Ninazungumzia ya zamani.

Je, ulidungwa sindano za kuchemshwa na kurudiwa ulipokuwa mtoto? Wamisri wanalijua hili kuliko wote. Kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980 serikali yao iliwatibu watu wa vijijini kichocho kwa sindano, kwa nia njema kabisa, lakini sindano hazikuwa zikitakaswa ipasavyo. Kirusi kikaenea kimyakimya, na miongo kadhaa baadaye Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani. Vizazi viwili viliugua kwa sindano za utotoni.

Je, umechanjwa chale kwa wembe uliotumika kwa wengine, umetahiriwa kwa kisu cha pamoja, umechorwa tatuu au kutobolewa kwa vifaa visivyotakaswa? Kinyozi wa kwenye baraza pale mtaani, je, hubadilisha wembe? Kirusi hiki kinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, kwa wiki kadhaa.

Je, umewahi kujidunga dawa za kulevya, hata mara moja, hata miaka 15 iliyopita? Hii ndiyo njia kubwa ya maambukizi mapya katika nchi nyingi. Ninajua ni mada ambayo familia zetu huifungia mlango. Lakini wanaopita mitaa ya Hillbrow usiku wanawaona vijana wa nyaope. Wengine huivuta, wengine hujidunga, na wapo wanaovuta damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga wakaiingiza kwenye mshipa wao, wakitumaini kupata mabaki ya dawa. Huku wanaita bluetooth. Tusiseme ni mambo ya Wazulu, kwani watafiti waliyaandika hayohayo kwetu Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000, kwa jina la flashblood. Na ni Dar es Salaam hiyohiyo, katika Hospitali ya Muhimbili, ambako Februari 2011 ilifunguliwa kliniki ya methadoni inayowasaidia watu kuacha sindano. Mtoto wako akiwa ameingia huko, mpeleke akapimwe. Kumfukuza nyumbani hakuondoi kirusi.

Mwisho, je, mama yako alikuwa na ugonjwa huu alipokuzaa? Kati ya watoto 100 wa mama mwenye kirusi, takriban 5 au 6 huambukizwa. Na kwa wenye virusi vya UKIMWI, kupima C ni lazima, kwa sababu magonjwa haya mawili yakikutana ini huharibika haraka zaidi.

Namna haiambukizi

Homa ya ini C haiambukizwi kwa kula sahani moja, kukumbatiana, kusalimiana kwa mkono, kukohoa, kutumia choo kimoja wala kulala chumba kimoja. Kwa mke na mume wasio na vidonda, uwezekano wa kuambukizana kwa tendo la ndoa ni mdogo sana. Mama anaweza kunyonyesha, isipokuwa chuchu zikiwa zimepasuka na kutoa damu. Vitu vya kutochangia ni wembe, mswaki, mkasi wa kucha na sindano.

Nasema hivi kwa sababu najua vyumba vyetu. Chumba kimoja cha Hillbrow kimegawanywa kwa mapazia, wanaishi watu 5. Mmoja akisema "nina homa ya ini", wenzake wasimtolee virago vyake nje.

Kupima kunakwendaje

Kipimo cha kwanza huitwa anti-HCV. Huangalia kama mwili umewahi kukutana na kirusi. Kikiwa chanya, haina maana kwamba bado unao, huenda wewe ni mmoja wa wale 3 kati ya 10. Ndiyo maana kinafuata kipimo cha pili, HCV RNA, kinachotafuta kirusi chenyewe. Usikubali kuondoka na jibu la kwanza peke yake. Kumbuka pia kwamba kipimo cha kawaida cha utendaji wa ini kinaweza kuonyesha hali nzuri huku kirusi kipo.

Kwa mlioko Hillbrow, anzieni kwenye kituo cha afya cha Hillbrow au kliniki iliyo karibu nanyi. Si kila kliniki ndogo hufanya kipimo hiki siku hiyohiyo. Mara nyingi damu huchukuliwa na kupelekwa maabara, au mtu hupewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Andika "anti-HCV" kwenye karatasi, mwonyeshe muuguzi, na mweleze sababu yako: "niliongezewa damu mwaka fulani". Sababu hufungua mlango kuliko neno "nimechoka".

Kuhusu neno hilo, wengi wetu tunapofika mbele ya daktari Kiswahili chetu kirefu kinakuwa Kiingereza kifupi. "Mwili hauna nguvu, nikiamka ni kama nimepigwa" inakuwa "I am tired", na daktari anasikia hivyo hivyo wagonjwa 40 kwa siku. Mpe mfano wa kupimika. Mwambie, mwaka juzi nilipanda ghorofa 9 na mfuko wa unga, leo nasimama ya 4. Na kama unahitaji mkalimani, tafuta mtu mzima. Usimbebeshe mtoto wa miaka 11 kazi ya kumwambia mama yake habari ya ini.

Kwa walioko kwingine: Uingereza, wakazi wa England wanaweza kuagiza kifaa cha kujipimia nyumbani bila malipo kupitia NHS tangu 2023. Marekani, tangu 2020 mwongozo wa taifa unasema kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani, kwa hiyo mwambie daktari wako bila aibu.

Dawa ipo

Zamani tiba ilikuwa sindano za karibu mwaka mzima, zenye homa na huzuni, na nyingi zilishindwa. Mwishoni mwa 2013 ilitoka dawa ya vidonge iitwayo sofosbuvir, na baada yake nyingine za kuchanganya nayo. Leo wagonjwa wengi humeza vidonge kwa wiki 12, na zaidi ya 95 kati ya 100 hupona. Kupona maana yake ni kirusi kutoonekana kabisa kwenye damu wiki 12 baada ya kumaliza dawa. Misri, niliyoitaja, ilipima watu zaidi ya milioni 49 kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 na kuwatibu waliokutwa nacho. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwa hatua hiyo.

Bei ilikuwa ya kutisha mwanzoni, ikashuka baada ya viwanda vya India na Misri kutengeneza dawa zinazofanana. Hata hivyo hapa Afrika Kusini tiba hii mara nyingi huanzishwa na madaktari wa hospitali kubwa, na inahitaji subira. Usinunue vidonge mtaani. Kabla ya kuanza lazima upimwe homa ya ini B, kwa sababu inaweza kuamka wakati C inatibiwa. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kifua kikuu, kifafa na moyo, kwa kuwa baadhi hazipatani na vidonge hivi. Na ukishapona unaweza kuambukizwa tena, kwa hiyo kinga inaendelea.

Wakati unasubiri, lisaidie ini lako. Acha pombe kabisa. Acha mitishamba usiyoijua, hata kama imetumwa na bibi. Usimeze dawa za maumivu kila siku bila kumuuliza daktari.

"Sina karatasi, nitakwendaje?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi kwenye ngazi. Ibara ya 27 ya Katiba ya Afrika Kusini inasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya, na kwamba hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Haikuandika kila raia, iliandika kila mtu. Najua kilichoandikwa na kinachotokea mlangoni ni vitu viwili. Mwaka 2025 makundi ya watu yalisimama kwenye milango ya kliniki za Gauteng yakidai vitambulisho, na Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaamua kwamba hayana mamlaka hayo. Nenda na mtu mwingine, nenda asubuhi, beba kitambulisho chochote ulicho nacho, na ukirudishwa usikae kimya. Yapo mashirika ya sheria yanayosaidia bila malipo. Mjomba mwenyewe alikuwa akikwepa kliniki kwa hofu hiyo, na miaka miwili ikapita.

Mjomba leo

Mjomba alimeza vidonge vyake wiki 12, mkewe akiweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Kirusi hakionekani tena. Mkewe na binti yao walipimwa, hawana. Lakini makovu ya ini hayakuondoka na kirusi. Kila miezi 6 anakwenda kupigwa picha ya ini, maana saratani inaweza kuja hata baada ya kupona, na mishipa ya koo lake inaangaliwa. Angetibiwa miaka kadhaa mapema, huenda asingehitaji haya yote.

Juzi nilimkuta tena ghorofa ya 4, amesimama. Nikaweka ndoo yangu chini, nikamuuliza maswali yote: choo, mkojo, tumbo, miguu, usingizi. Akayajibu moja moja, halafu akasema, "Leo nimesimama kumngoja mkewangu tu, mwanangu." Kweli, mkewe alikuwa anapanda nyuma yake na mboga.

Sasa nina ombi moja kwenu. Wikiendi hii mkimpigia mama au baba simu, baada ya salamu na habari za mvua, muulizeni: "Niliwahi kuongezewa damu nikiwa mdogo? Na wewe je?" Jibu likiwa ndiyo, nendeni mkapimwe, hata kama hamuumwi popote.

Toleo lijalo nitajibu maswali yenu kuhusu chanjo ya homa ya ini B kwa watoto waliozaliwa ugenini. Hadi hapo, tunzeni afya zenu.